Jina Lililokosa Mrithi

Sura ya Tisa

Inspekta Pauline Bitutu alikuwa amechoka kusikia habari za upepo. Upepo ndio ulioezua bwalo la shule ya bweni huko Suba Kusini, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ukaua wasichana watatu. Ndivyo ilivyosema ripoti ya wakati huo. Upepo ndio ulioangusha tangi la maji katika shule moja mjini Migori juma hili, ukamvunja mguu msichana aitwaye Lynnet; ndivyo alivyosema mwalimu mkuu, bila kupepesa macho. Bitutu aliujua upepo tangu utotoni, na hakuwahi kuuona ukifungua boliti.

Boliti zenyewe alikuwa nazo katika mfuko wa ushahidi, ndani ya mkoba wake. Alizikuta kwenye nyasi chini ya mnara wa tangi, zimepangwa mstari mmoja, kila moja imerudishiwa nati yake. Zilikuwa na kutu ya miaka mingi. Spana yoyote ingekwaruza ile kutu, lakini haikuwa imeguswa. Tangi nalo halikupasuka. Lilisimama wima kwenye nyasi, limejaa maji hadi mdomoni, kana kwamba kuna aliyelishusha polepole na akakosea kidogo tu mwishoni, kwenye mguu wa Lynnet.

Aliyewekwa ndani kwa ajili ya tangi hilo ni Liz Nyamusi, msichana wa miaka kumi na sita, binti wa muuza ndizi wa sokoni. Lynnet na wenzake walimmwagia uji kichwani mbele ya foleni nzima ya wanafunzi, na haikuwa mara ya kwanza. Liz alisimama pale analia, uji unamchuruzika masikioni, na tangi likashuka; familia ya Lynnet ikashikilia kuwa ni yeye aliyelishusha. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa shtaka la jaribio la kuua. Bitutu alikuwa amemhoji kwa muda mrefu na kila alipomaliza swali alijisikia vibaya. Mtoto huyo hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe cha chai.

Kwa hiyo alimtaka mtu mwingine, na mtu mwingine alikuwepo. Mpishi wa shule alimwona mwanamke nje ya ua wa seng'enge, gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, miguuni, mikono yote miwili imeinuliwa. Tangi lilipotua, mwanamke huyo aliketi chini anahema, kisha akaondoka. Kwenye seng'enge kulibaki kitambaa cha zambarau kilichochanika kutoka kwenye gunia lake. Mkamate huyo, na Liz anarudi nyumbani kwa baba yake. Hesabu ya Bitutu ilikuwa nyepesi kiasi hicho.

"Na unasema ni huyu Valary?" aliuliza Konstebo Joash Okari kwenye simu. Alibaki kituoni Migori kumlinda Liz. "Huyu wa faili ya zamani?"

"Alikuwa akiteswa na wenzake kama Liz. Siku bwalo lilipoezuliwa, vioo vya madirisha vilikutwa nje, vizima, vimepangwa vizuri kama sahani. Naye alipotea siku hiyohiyo."

"Madam, sweta yake ilipatikana ufukweni Mbita. Walimfanyia mazishi. Marehemu hasimami kwenye fensi na gunia ya omena."

"Ndiyo maana nataka kwanza nijue kama ni marehemu," alisema Bitutu, akakata simu.

Barabara ya kwenda Magunga, kwao Valary, ilipita kando ya mbuga ya Ruma, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujaamua kuondoka. Mitego ya mbung'o, vile vitambaa vya buluu na vyeusi, ilining'inia kwenye nyasi ndefu, mmoja hapa, mwingine kule, mithili ya nguo za watu walioingia porini na kuziacha nyuma. Swala wawili wakubwa, korongo, walisimama kati ya mitego wakamtazama, pembe zao zimerudi nyuma. Hawakukimbia. Bitutu alifungua dirisha la gari kidogo, akasikia kimya, akalifunga tena.

Nyumbani kwa akina Valary kulikuwa na mama mmoja tu mtu mzima, mjane, ambaye majirani bado walimwita Min Valary, yaani mama yake Valary. Alikuwa ameketi kivulini akichambua kunde kwenye ungo. Wajukuu wake watatu wa kike walimzunguka, na mdogo wao alikuwa amelala, kichwa kimeegemea paja la nyanyake.

"Karibu, madam. Keti hapo. Chai inakuja."

"Asante, mama. Sitakaa sana."

"Watu wa serikali husema hivyo, halafu wanakaa."

Bitutu alicheka bila kutaka, akaketi. Alionyesha kilima kidogo cha udongo nje ya ua, mahali pa binti ambaye hakuolewa. "Lile ndilo kaburi lake?"

"Ndilo."

"Ndani kuna nini?"

"Si unajua? Yago." Mama hakuinua macho. "Mtu akipotea ziwani na mwili ukakosa kuonekana, tunachuma lile tunda refu la mti wa yago, tunalivalisha sanda, tunalizika. Tulilia siku nyingi. Mchungaji alikuja pia. Kila kitu kilifanywa."

"Nani alisema aliingia ziwani?"

"Sweta ilisema."

"Sweta iliwekwa tu, au iliachwa na maji?"

"Ilikunjwa," alisema mama, kisha mkono wake ukasimama juu ya kunde, kwa kuwa alijua amesema zaidi ya alichoulizwa. Hakuna maji yanayokunja sweta. Bitutu alilihifadhi jibu hilo, akamgeukia mtoto aliyelala.

"Huyu anaitwaje?"

"Huyo ni Dorsila. Ni mama mkwe wangu huyo." Sauti ya mama ilichangamka. "Alinijia ndotoni mimba ikiwa ya miezi michache. Amekasirika kabisa! Ananiuliza mbona amesahaulika. Nikaamka nikamwambia mkaza mwana, huyo wa tumboni ashapata jina."

"Na hawa?"

"Mikal ni wa dada yangu aliyekufa Kisumu. Risper ni wa jirani, hatukuwa hata ndugu, lakini alikuja. Nikiota, madam, naota kama mtu anayefungua mlango. Wote wanakuja."

"Na Valary alikuja lini?"

Kunde zikaanza tena kuchambuliwa, haraka kuliko mwanzo.

"Valary hajakuja."

"Miaka yote hii? Kwa mama yake mzazi?"

"Hajakuja."

"Kwetu Kisii pia watoto tunawaita majina ya waliotangulia," alisema Bitutu taratibu. "Mimi ni Bitutu wa shangazi ya baba. Na kuna jambo moja hatufanyi. Hatumpi mtoto jina ambalo mwenyewe bado analitumia."

Upande wa pili wa ua jogoo aliwika saa isiyo yake, akaacha katikati.

"Mkaza mwana wangu alitaka huyu wa pili aitwe Valary," alisema hatimaye. "Nilikataa. Ukoo mzima ulinishangaa. Nikasema jina lina mkosi. Walifikiri nina uchungu tu."

"Umemwona?"

"Sijamwona." Alisema kweli, Bitutu aliwahi kudanganywa na watu wengi na huyu hakuwa mmoja wao. "Kitu kinaletwa tu. Mtu wa boda anashusha, anasema umetumiwa. Siulizi nani. Nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa nitafanya nini? Aliyezikiwa yago haingii tena kwenye boma la baba yake. Tulishamlilia tukamaliza. Ukimrudisha, madam, hana mahali pa kulala."

"Kinaletwa nini?"

Mama alionyesha kwa kidevu. Karibu na mlango palikuwa na gunia la omena, na shingoni mwake kimefungwa kitambaa cha zambarau.

Pale Mbita hakuhitaji hata kuonyesha kitambulisho. Wachuuzi wa omena hufunga magunia yao alama kabla ya kuyapakia, maana kwenye boti magunia yote yana sura moja na ugomvi wa gatini hauna mwamuzi. Mmoja ana utepe mwekundu, mwingine ana kipande cha neti. Nahodha wa boti alikitazama kitambaa cha zambarau mara moja tu.

"Hiyo ni ya Nyar Karungu, yule binti wa Karungu, anakaa kisiwani Remba. Mama mpole sana. Amefanya nini?"

"Nitakwambia nikijua."

"Basi panda. Lakini boti ya kurudi leo ni hii hii yangu, na mimi singoji polisi."

Ziwa lilikuwa tulivu mno, na wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda juu ya maji kwa nguzo ndefu nyeusi ambazo kutoka mbali mtu angezidhania moshi. Boti ilipita katikati ya nguzo moja, na kwa kitambo hapakuwa na mbele wala nyuma, ila mlio mwembamba na mbawa laini usoni. Abiria walifunga midomo, wakajifunika leso. Walipotokea upande wa pili, Remba ilikuwa imekaa juu ya maji, mabati yake yamebanana hadi ukingoni, na Bitutu hakuweza kusema ni muda gani ulikuwa umepita. Alijikuta akiogopa, na akajikasirikia kwa hilo.

Ufukweni wanawake walikuwa wameanika omena juu ya neti, na kazi yao kubwa ilikuwa kupigana na ndege. Yangeyange na kunguru walishuka makundi kwa makundi, nao wanawake walipiga makopo, walitukana, walirusha kandambili. Bitutu alitembea kati ya neti hizo akitafuta zambarau. Kabla ya kuiona zambarau aliona ndege. Kwenye neti ya mwisho walitua pembeni tu, mstari mzima, midomo imeelekea samaki, wala hakuna aliyevuka. Mwenye neti alikuwa amewapa mgongo na anageuza omena kwa mikono, hana kopo, hana fimbo.

"Nyar Karungu," aliita Bitutu.

Mwanamke aligeuka. Alikuwa na umri unaokaribia wa Bitutu mwenyewe, uso uliochomwa na jua, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Omena ni ya jumla au rejareja, mama?"

"Mimi ni Inspekta Bitutu, upelelezi, kutoka Homa Bay. Natafuta mtu anaitwa Valary."

Ndege wote waliruka kwa pamoja, wakapanda juu, wakatoweka. Mwanamke akashusha pumzi.

"Samahani," alisema. "Jina hilo limenishtua."

Bitutu aliketi juu ya jiwe. Mkobani akatoa boliti, akaziweka juu ya kanga yake. "Jumatatu ulikuwa Migori."

"Nilikuwa. Nauza hapo sokoni."

"Shule haiko sokoni."

"Haiko." Valary alichuchumaa mbele yake. "Niliota uji, madam. Uji wa moto kichwani, na watu wanacheka. Nikaamka nikijishika nywele. Mimi uji sikuwahi kumwagiwa. Mimi walikuwa wananifungia chooni, wananikatia nguo. Kwa hivyo nikajua hii si ya kwangu. Kwetu wenye kuja ndotoni ni waliokufa, wanaomba jina. Huyu alikuwa hai na hakuwa anaomba jina. Alikuwa anaomba mtu."

"Ukaenda kumlipizia kisasi."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Boliti. Zilifunguliwa bila spana na kupangwa kwa mstari, jinsi ulivyopanga vioo vya bwalo."

Valary aliinua boliti moja, akaitazama kwa huruma. "Mimi vioo sikupanga. Vioo vilijipanga. Wakati nguvu hii inakutoka kwa hasira, madam, inavunja. Lakini kabla ya hasira kuna uoga, na uoga hufungua vitu polepole, unavipanga vizuri ili usipigwe tena. Mtoto ndiye alifungua hizi. Anafungua bila kujua, huku analia. Halafu hasira ikaja ikasukuma."

"Liz aliangusha tangi."

"Aliangusha. Mimi nilipokea."

Bitutu alikuwa amesafiri tangu alfajiri kutafuta mtu wa kumwondolea Liz lawama, na sasa ameipata lawama yenyewe, safi, haina mahali pengine pa kwenda. Lakini maelezo yalikubaliana na kila kitu alichokiona. Tangi lililojaa maji lilisimama wima. Lynnet alivunjika mguu, na kwa uzito ule angetarajiwa kufa. Mpishi aliona mikono imeinuliwa na mwanamke anahema. Palikuwa na aliyeangusha na palikuwa na aliyepokea. Angeliona hilo palepale kama asingekuwa na haraka ya kupata mhalifu.

"Nilichelewa kidogo," alisema Valary. "Lilikuwa zito. Huyo msichana mguu utapona?"

"Utapona."

"Ero kamano, asante." Aligusa paji la uso. "Wale wa kwangu watatu, hakuna mtu alipokea."

"Yule mtoto anapelekwa kortini kesho," alisema Bitutu. "Ukumbi utajaa. Jamaa za Lynnet watakuwa nje wanapiga kelele. Umewahi kumfundisha mtu kujizuia?"

"Nilijifundisha mwenyewe, hapa, na samaki. Ilinichukua miaka."

"Njoo umfundishe kwa siku moja."

"Nikija nitakuja kwa jina gani? Nyar Karungu hana sababu ya kumtembelea mtoto kituoni." Alitazama ziwa. "Na nikija kwa jina langu, utanikamata?"

Jibu rahisi lilikuwepo na Bitutu alilitamani sana. "Kuna wazazi wa watoto watatu ambao bado wanauliza," alisema. "Mmoja hunipigia simu kila mwaka. Nikijua uko hai siwezi kuwaambia sijui. Ulikuwa mtoto, na hilo nitalisema kwa sauti kubwa kuliko yeyote. Lakini nitalazimika kukuandikia maelezo."

"Angalau hudanganyi." Valary alisimama, akakung'uta magamba kutoka kwenye mikono. "Hapa nina nyumba, madam. Nina neti mbili. Watu wananisalimia. Pole kwa safari."

Alirudi kugeuza omena. Gatini nahodha alikuwa anapiga kelele ya mara ya kwanza. Bitutu hakuwa na hati ya kumkamata mtu ambaye kwa karatasi zote alikuwa chini ya udongo Magunga, na hata angekuwa nayo, pingu zingemsaidia nini? Alisimama aondoke, na simu ikalia.

"Madam." Joash alikuwa ananong'ona. "Madam, kuna watu kwa geti. Ni familia ya Lynnet na kundi la vijana. Wanasema atolewe huyo jini. Na huku ndani... niko kwa kona, nimejikinga. Nilikuwa chini ya meza, lakini meza haiko chini tena."

"Iko wapi?"

"Iko juu, madam. Kila kitu kiko juu. Nati za grili ya dirisha zinajifungua. Naona kwa macho yangu zinazunguka pole pole. Nimwambie nini?"

Nati zinafunguka. Huo ni uoga bado, alifikiri Bitutu; hasira haijafika. Nje ya dirisha hilo walisimama watu wengi, na ndani palikuwa na Joash, mwenye mke na mtoto mchanga. Aliweka simu kwenye spika. Kisha akamnyooshea Valary simu hiyo.

Kutoka Migori ilisikika sauti ya mtoto, kavu, imechoka kulia. "Siwezi kuiacha. Nikiiacha itaumiza mtu. Waambieni waende, plis, waambieni waende."

Valary alidondosha omena. Alikuja mbio na kushika simu kwa mikono yake yenye magamba.

"Liz. Usiiache, na usiisukume. Unanisikia? Niambie, humo ndani kitu kidogo kabisa ni nini?"

"Kifuniko ya biro."

"Kiko wapi?"

"Hapa mbele ya uso yangu."

"Hicho tu. Hivyo vingine si vyako sasa, viko tu. Kiweke chini hicho kimoja, vile unavyoweka yai."

Wanawake wa neti za karibu walikuwa wameacha kupiga makopo. Ufukwe wote ulinyamaza, hata ndege hawakurudi. Kwenye simu kilisikika kitu kidogo kikigusa sakafu.

"Imefika," alisema Liz kwa mshangao.

"Vizuri sana, nyathina, mwanangu. Kingine?"

"Kuna kikombe."

"Leta kikombe."

Kikafuata kikombe, halafu kalenda ya ukutani, kisha kiti ambacho kilipofika chini kilimfanya Joash amwite Mungu wake. Nahodha alipiga kelele ya mara ya pili. Bitutu alimgeukia, akamwonyesha kwa mkono kwamba asubiri, kwa uso ambao ulimfanya nahodha azime injini bila kuuliza.

"Wewe ni nani?" aliuliza Liz. "Wewe ndo ulikuwa kwa fensi? Nilisikia mtu ameshika upande ile ingine."

Valary alitazama wanawake waliokuwa wamesogea, majirani zake wa miaka yote hiyo, wenye kumjua kama binti wa Karungu. Alitazama nyumba yake ya mabati. Bitutu aliinamisha kichwa, akisubiri.

"Naitwa Valary," alisema, kwa sauti iliyowafikia wote. "Nyar Magunga. Mimi ndiye nilishika."

"Yule wa zamani? Lakini walisema ulikufa."

"Walinizika. Sikufa." Alipangusa macho kwa kiwiko. "Nakuja na boti hii, Liz. Kesho ukiingia kortini nitakuwa nimekaa nyuma yako, na ukiangusha chochote nitakipokea. Sawa? Sasa leta meza, polepole. Kuna afande hapo kwa kona, usimkanyage."